Sitamtaja Jina

Mtu asiyesema uongo si lazima awe mtu mwema. Mama Mahitaji hakumsingizia mtu hata siku moja. Kila alilolisema lilikuwa kweli tupu, na alilisema macho ameyafumba, viganja ameviunganisha kifuani, mbele ya watu waliokwisha kuinamisha vichwa na wasioweza kuondoka mpaka aseme amina.

Duka lake la vifungo, nyuzi, zipu na lastiki lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na nyumba yenyewe ilikuwa imepakana na ukuta wa kanisa la Kilutheri, katika kitongoji cha pembeni mwa mji. Vifungo alivipanga kwenye chupa kwa rangi, na mbele ya meza ya kuuzia aliweka kiti kimoja chenye mto. Kiti hicho ndicho kilichokuwa mtego. Mama wa watu anaingia kutafuta kifungo cha shati la mwanawe, anakaribishwa akae apumzike, anaulizwa mbona macho mekundu, na kabla kifungo hakijapatikana amekwisha kueleza yaliyotokea nyumbani kwake juzi. Mama Mahitaji alikuwa msikilizaji hodari. Alikushika mkono, alitikisa kichwa pale panapostahili, na machozi yakikutoka na yeye yalimtoka. Ukitoka pale unajisikia umetua mzigo, na kweli ulikuwa umeutua. Hukujua tu umeutua mahali gani.

Kwenye kona ya dirisha, ndani ya duka hilohilo, alikaa mumewe, fundi saa. Alikuwa na meza ndogo, taa ya shingo ndefu, na kioo alichokibana kwenye jicho moja, na aliweza kukaa kutwa nzima bila kusema zaidi ya "acha hapa" na "njoo Ijumaa." Wateja wengi walimdhania kiziwi. Alikuwa anasikia vizuri sana, ila alikuwa ameishi na mkewe miaka mingi, na mtu hujifunza namna ya kuishi.

Kila Jumamosi alasiri jumuiya ilikutana, nyumba hadi nyumba kwa zamu. Wimbo, neno, kisha kipindi cha mahitaji, ambapo kila mmoja hutaja jambo la kuombewa, halafu mmoja huomba kwa niaba ya wote. Aliyeomba kwa niaba ya wote alikuwa yeye. Hakuna aliyemchagua na hakuna aliyethubutu kumpokonya, na jina akalipatia hapo. Kwa vile wengine walikuwa wakitaja magoti na mitihani ya watoto, aliona mahitaji yao ni mepesi mno, akawa anaongeza ya kwake aliyoyakusanya dukani.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: hakutaja jina. Kumtaja mtu jina, alisema, ni umbea, na umbea ni dhambi. Kumwombea bila jina ni huduma. Basi alikuwa akiomba hivi: Baba, yupo ndugu mmoja, sitamtaja jina, wewe wamjua, ana duka la rangi pale kona, lenye mlango wa bluu, ambaye jioni hupitia kwa mama mmoja kabla hajafika kwake. Mke wa mwenye duka la rangi alikuwa amekaa palepale, mita moja kutoka kwake, kwenye mkeka. Aliitikia amina pamoja na wenzake, kwani angefanyaje. Mwezi haukuisha, mlango wa bluu ukafungwa na watu wakahama. Mama Mahitaji akashukuru jumuiya kwa maombi, kwamba yamezaa matunda na yule ndugu ameepushwa na majaribu.

Tumpe haki yake, hakuwa mnafiki. Aliamini. Alipoolewa alikaa muda mrefu bila kupata mtoto, mpaka mama mkwe akawa anamwita "mgeni" mbele ya watu. Akina mama wa jumuiya wa wakati huo walimchukua wakamwombea, si kwa kificho. Walimtaja jina, Jumamosi baada ya Jumamosi, yeye amepiga magoti katikati yao na aibu yake imeanikwa kama nguo. Na mtoto akaja. Binti, mmoja tu, na baada yake tumbo likafunga tena. Tangu hapo mwanamke huyu alijua jambo moja kwa uhakika kuliko mengine yote: shida iliyofichwa Mungu haioni vizuri. Ukimwambia kuna mambo ya kuachiwa mwenyewe, alikutazama kwa huruma, akaanza kujiuliza unaficha nini.

Binti alikua mkimya kama baba yake. Aliokota kwa baba hata kazi, kwa namna fulani, maana alisomea kupima macho, akawa anashinda kwenye chumba chenye giza akibadilisha vioo mbele ya nyuso za watu na kuwauliza kipi kinaonyesha vizuri. Alianza kazi mji mwingine, akakaa huko, kisha akarudi akapata nafasi karibu na kwao. Mama yake alimpenda kama mtu anavyompenda mama aliyemngoja sana, ila hakumwambia kitu. Akiulizwa habari za kazini alisema nzuri. Akiulizwa habari za moyo alisema uko mahali pake.

Moyo wenyewe ulikuwa kwa mpiga kinanda wa kwaya. Kijana mrefu, mpole, mikono mizuri, yatima aliyelelewa na shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa mjane mwenye nyumba safi na miguu mibovu, mwanajumuiya wa siku zote, na alimpenda kijana wake kwa wivu wa mtu aliyelea asichozaa. Uchumba ulipotangazwa alikubali, akasema binti ana adabu na nyonga. Mchungaji akasoma matangazo ya ndoa Jumapili ya kwanza, kama ilivyo desturi, kwamba hawa wawili wanakusudia kufunga ndoa na mwenye kizuizi akilete. Akasoma Jumapili ya pili. Ilikuwa imebaki ya tatu.

Ni katika wiki hizo ndipo Mama Mahitaji alipoanza kushona. Alishona fulana ndogo, soksi, kofia za kufungwa kidevuni, akazirundika kwenye droo chini ya meza ya kuuzia. Kwenye chupa zake alichagua vifungo vyote vyenye umbo la bata, akaviweka pembeni, akakataa kumuuzia mteja. Kila mteja alionyeshwa droo. Binti akirudi kutoka kazini anakuta wanawake wawili watatu wameshika soksi za mtoto ambaye hajatungwa, wanamtazama tumbo wanatabasamu. Akavumilia. Baada ya matangazo ya pili, walipotoka kanisani, alimkuta mama yake ameketi na kitambaa cheupe, anashona gauni la ubatizo, na hapo uvumilivu ukamwisha. Akafunga mlango wa duka kwa ndani. Akakaa kwenye kile kiti chenye mto.

Akamweleza. Kule mji mwingine aliota uvimbe, akavuja damu mpaka akaanguka kazini, na madaktari walipomfungua wakaona la kuokoa ni yeye, si kizazi. Alisaini mwenyewe, hakuna ndugu kando ya kitanda. Mchumba wake alijua. Alimwambia siku ileile alipotamka habari za ndoa, na yule kijana alipotea kwa siku kadhaa, kisha akarudi akasema duniani kuna watoto wasio na wazazi, na wao watakuwa wazazi wasio na mtoto, hesabu si ngumu. Wamekubaliana kumwambia shangazi wao wenyewe, baada ya harusi, taratibu, kwa maneno yao.

"Mama, hili ni langu," akasema. "Si la jumuiya."

Mama yake alilia mpaka gauni la ubatizo likalowa. Akajipiga kifuani kwa kiganja. "Litazikwa hapa, mwanangu. Mungu ni shahidi."

Kwenye kona, fundi saa alikuwa ameondoa kioo jichoni. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu zaidi. Hakusema neno, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilolifanya maishani.

Wiki hiyo Mama Mahitaji aliteseka kweli. Siri ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza inachoma, akicheka inachoma. Alifunga duka mapema ili asikae na watu. Alikataa chai kwa jirani. Usingizini alisema maneno nusunusu mpaka mumewe akamgeuza upande wa pili. Na kilichomuumiza zaidi si hamu ya kusema, ingawa hamu ilikuwepo na tusimfiche. Ilikuwa imani. Mtoto wake amebeba shida ileile aliyoibeba yeye, nzito kuliko ya kwake, na dawa anaijua, ipo, ilifanya kazi, na yeye amefungwa mdomo kwa kiapo. Madaktari wametoa kizazi, sawa. Kwani aliyekiumba mara ya kwanza amechoka?

Jumamosi ikafika. Jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwa shangazi.

Alikwenda akiwa ameazimia kunyamaza. Aliimba, akasikiliza neno, akatoa hata maoni kuhusu subira. Mahitaji yakatajwa: mwenye magoti, mwenye mtoto wa mtihani, mwenye mpangaji asiyehama. Wakainamisha vichwa. Akaanza na magoti, akayaombea vizuri. Akaombea mtihani. Akamwombea mpangaji njia. Ilikuwa imebaki amina peke yake, na amina haikutoka.

"Na Baba," akasema, "tunakuletea binti mmoja. Sitamtaja jina, wewe wamjua. Wa pekee kwao. Ugenini walimkata wakamtoa kizazi, Baba, akiwa hana hata wa kumshika mkono. Yuko karibu kusimama mbele ya madhabahu yako. Mchumba wake amelijua hilo, amelibeba peke yake, hajawaambia waliomlea. Wewe uliyelifungua tumbo la mama yake katika jumuiya hii hii, lifungue na lake."

Alilia, na wengine wakalia. Huruma ya mle chumbani ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo baya lake. Aliyekuwa ameinua kichwa ni mmoja tu. Shangazi alikuwa amekaa wima kwenye kochi lake, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, macho wazi, anayatazama mashavu ya Mama Mahitaji yanavyolowa. Amina iliposemwa, akaitikia. Akawaandalia watu chai. Akamuuliza Mama Mahitaji kwa upole kama siku hizi anatumia sukari.

Kesho yake kanisa lilijaa. Binti alikuwa amevaa nguo ya kijani na amekaa mstari wa tatu, kwa sababu anayesomewa matangazo hupenda kuonekana kidogo. Mchungaji akapanda, akasoma ratiba ya wiki, akasoma ndoa za wengine, jozi mbili, moja mara ya kwanza na moja mara ya tatu, akakunja karatasi. Watu wakasubiri. Kisha akataja namba ya wimbo, na mpiga kinanda akaupiga wimbo huo beti zote bila kukosea popote.

Baada ya ibada binti alimfuata nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji, mahali majoho ya kwaya huanikwa. Kijana hakukimbia. Alikuwa na heshima ya kusimama. Akamwambia shangazi amelala chini sakafuni tangu jana, hali wala hanywi, anasema amelea nyoka, anasema bora angeambiwa na adui kuliko kuombewa na jumuiya nzima nyumbani kwake, akiwa hajui.

Binti akamkumbusha kwamba yeye alijua. Alijua na alikubali.

"Nilikubali," akasema mpiga kinanda. "Nilikuwa tayari kuishi bila mtoto. Sikuwa tayari kila Jumapili watu wanitazame mgongoni wakijua."

Akaomba radhi. Aliomba radhi vizuri sana, maana alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa hapo tu, kwenye maneno. Binti akavua pete akaitundika kwenye kamba, kwenye kibanio cha joho la kijana, akaondoka kwa kupitia lango la nyuma.

Nyumbani hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kwa sababu kelele Mama Mahitaji alizijua, angezijibu. Binti aliuliza swali moja, kwamba je, ni kweli, na mama yake akasema hakumtaja jina. Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa. Hakutaja jina la mtu yeyote, wamuulize aliyekuwepo. Kama watu wana akili za kuunganisha mambo, hilo ni juu yao.

Mchungaji alikuja siku ya pili. Alikuwa mgeni kwenye usharika ule, mwembamba, mwenye kikohozi cha woga, na njiani alikuwa amejipanga vizuri. Akaanza mbali, kwenye amri ya nane na namna wanavyofundishwa watoto wa kipaimara, kwamba haitoshi kuacha kumzulia jirani, unatakiwa pia umfunikie aibu yake. Mama Mahitaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza ni uongo upi aliousema. Mchungaji akasema si uongo. Akamuuliza kama kuomba ni kosa siku hizi. Mchungaji akasema si kosa, mama. Akamuuliza, kwa sauti ileile ya huruma, kama hali ya mke wake imetengemaa tangu alipokuja dukani wiki ile akiwa na mawazo. Mchungaji akamaliza chai yake. Jambo hilo halikufika kwenye baraza la wazee.

Binti alifunga virago vyake katikati ya wiki, kwenye sanduku moja. Mama yake alisimama mlangoni pa chumba. Sasa alikuwa ameogopa, maana alikuwa amezoea watu kuhama mtaa, hakuwa amezoea wa nyumbani kwake.

"Niambie basi unakwenda wapi, mwanangu, nikuombee."

"Ndiyo maana sikuambii," akasema binti.

Alimpita na sanduku lake. Baba alikuwa nje, kwenye lango, kioo bado kiko jichoni kama aliyetoka mbio akakisahau. Walisimama pamoja kidogo. Binti alimwambia kitu sikioni, na fundi saa akaitikia kwa kichwa, na Mama Mahitaji aliyaona hayo yote kutoka dirishani, kati ya chupa za vifungo.

Akamuuliza mumewe siku hiyo, akamuuliza kesho yake, akamuuliza mwaka mzima. Anajua alipo? Fundi saa hakukana. Alisema anajua. Alisema anaishi, anafanya kazi, ni mzima. Akiulizwa zaidi, alirudisha kioo jichoni.

Jumuiya nayo ilibadilika, ingawa hakuna aliyesema lolote. Kiti chenye mto kikawa hakina mkaaji. Wateja walisimama, wakataja rangi ya kifungo, wakalipa. Jumamosi kwenye kipindi cha mahitaji watu wote walikuwa wazima ghafla. Mmoja aliombea safari njema, mwingine aliombea mvua, na mwaka ule mvua ilikuwa inanyesha. Mwenye shida ya kweli alibaki nayo kwake. Basi Mama Mahitaji akabakiwa na hitaji moja la kuomba, na akaliomba kila wiki: Baba, yupo binti mmoja, hajulikani alipo. Wenzake waliitikia amina haraka, wakaanza kukusanya vikombe.

Faraja yake ilikuwa mumewe. Fundi saa, ambaye zamani hakujali jumuiya ni nini, sasa alikuwa wa kwanza kumkumbusha. Jumamosi mchana alikwisha kumtolea viatu mlangoni. Utachelewa, mama, wenzako watakungoja. Siku za mvua alimpa mwavuli wake mwenyewe. Mara moja alipokuwa na homa akataka kubaki kitandani, mumewe alikaa kando yake akamshawishi kama mtoto, mpaka akajikokota akaenda. Alitoa ushuhuda wa jambo hilo mbele za watu, kwamba Mungu amemgusa mzee, na kwamba kama ameweza kumgeuza huyu hatashindwa na binti. Watu walimpigia makofi.

Aliyekuwa anamgusa mzee ni binti yake, kwa simu. Alipiga kila Jumamosi mama akishatoka, kwa namba isiyoonekana, kwa kuwa baba alimwonya kwamba simu yake hupekuliwa. Walizungumza mpaka karibu na saa ya jumuiya kuisha. Ilikuwa ajabu mtu yule alivyokuwa na maneno. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alimsikia anacheka, akajua, akanyamaza. Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kunyamaza. Na mara mojamoja fundi saa alisema anakwenda mjini kununua vipuri, akarudi jioni bila vipuri, na shati amepigiwa pasi.

Miaka ikaenda hivyo. Mpiga kinanda alioa, akapata watoto, shangazi akawabeba mbele za watu huku akilalamikia miguu. Fundi saa akaanza kukohoa. Mwanzoni alikohoa kidogo, baadaye akawa hawezi kushika bisibisi, na mwishowe akalazwa kwenye chumba cha nyuma, mito imepangwa mgongoni, simu yake iko chini ya mto wa mwisho.

Mama Mahitaji alimuuguza vizuri. Alimwogesha, alimlisha, aliamka kila alipokohoa. Na alipoona hali inakwenda mbaya alipiga magoti kando ya kitanda, si kwa Mungu, kwa mumewe.

"Baba yake, unaondoka. Niachie hilo moja. Yuko wapi mtoto wangu?"

Fundi saa alivuta pumzi mpaka ikatosha. "Nikikuambia," akasema, "Jumamosi watajua wote."

Aliapa. Aliapa kwa Mungu, kwa kaburi la mama yake, kwa mwili na damu ya Bwana aliyoipokea Jumapili. Mumewe alimsikiliza kwa upole, kisha akageuza uso ukutani. Alikata roho Alhamisi, na neno lake akaondoka nalo.

Ndugu wa mume walitaka kuzika Jumamosi. Akakataa, akapigana nao mpaka wakamwongezea hadi Jumatatu, ili mtoto apatikane. Atapatikanaje, hakujua. Alipekua simu, haikuwa na kitu. Alikwenda kwa mpiga kinanda, akamkuta analisha mwanawe uji, akajibiwa kwamba hajui na asingependa kujua. Ijumaa mchungaji alitangaza kwenye ibada ya maombolezo kwamba familia inamtafuta binti wa marehemu, na safari hii jina lake likatajwa lote, la ubatizo na la ukoo, kwenye kipaza sauti. Watu wakatazamana. Waliokuwa wanajua yaliyompata binti walikuwa wengi sana. Alipo, hakuna hata mmoja.

Jumamosi alasiri jumuiya ilihamia msibani. Wanawake walijaa sebuleni, vifungo vimefunikwa shuka, wakaanza kuimba. Mama Mahitaji alikuwa katikati yao amejifunika kitenge, na simu ya marehemu iko mkononi, maana tangu Alhamisi hakuiweka chini wala hakuiacha iishiwe chaji. Ikaita. Hapakuwa na namba. Akainuka akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaiweka sikioni.

"Shikamoo, Baba. Ameshatoka?"

Sauti ilikuwa imenenepa kidogo. Sauti ya mtu mzima, mwenye nyumba yake. Mama Mahitaji alifungua mdomo. Maisha yake yote mdomo ule haukuwahi kukosa neno, na hapo neno lilikuwepo, jepesi, la kweli, lenye haki ya kusemwa kuliko yote aliyowahi kuyasema. Lakini alijua akishatamka tu, simu itakatwa, na sauti hii hataisikia tena. Akataka aisikie kidogo kwanza. Neno moja tu zaidi.

"Baba? Nasikia wanaimba. Jumuiya iko kwenu leo?" Binti akacheka taratibu. "Pole. Basi usiseme kitu, sikiliza tu. Mjukuu wako kaanza shule. Analia mlangoni kila siku, mpaka mwalimu ameniomba nisisimame pale dirishani. Mwezi ujao tunakuja, tutakutana mjini palepale. Na dawa za kifua, unakunywa? Kohoa mara moja kama unakunywa."

Sebuleni walikuwa wamefika ubeti wa mwisho. Mama Mahitaji alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Akakohoa mara moja.

"Haya, Baba. Jumamosi ijayo."

Ikakatika. Hapo ndipo sauti ilipomtoka, akasema ni mimi, mama yako, baba yako amekufa, tunazika keshokutwa, akayasema yote kwa mpangilio, na simu ilikuwa imekwisha kuzima taa yake. Akakaa kitandani, upande wa mumewe. Akasubiri iite tena, huku akijua haitaita.

Aliporudi sebuleni nyimbo zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa wamefika kwenye mahitaji. Mmoja akamuuliza nani alikuwa anapiga. Akasema wamekosea namba. Wakamwomba aombe kwa niaba ya wote, maana ni msiba wake, akatikisa kichwa, wakamwachia mwingine.

Jumatatu wakamzika fundi saa. Kando ya kaburi palikuwa na viti viwili mbele, cha mjane na cha mtoto. Mchungaji alichelewesha kidogo, akatazama barabara, akakohoa kikohozi chake, akaanza. Kiti cha mtoto alikikalia shangazi, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma.